Korona Isiyo na Jukwaa: Kuigiza Mahali Penyewe

Swali: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni kikundi cha vijana 11, tupo Korogwe. Tumeandika igizo kuhusu manamba waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu. Ukumbi hatuna uwezo wa kuulipia, ndipo mwenzetu mmoja akasema twende tukaigize kwenye korona ya zamani, yaani kiwanda cha kusaga mkonge, ambayo ilifungwa sisi hatujazaliwa. Wengine wanapinga. Wanasema bila jukwaa na pazia hayo ni maigizo ya mtaani tu, si sanaa kamili, na watu watatucheka. Je, wana haki? Na tukiamua kwenda, tuanzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongereni kwa kuandika habari za watu wa kwenu wenyewe. Nitajibu kwa kirefu, maana umeuliza maswali mawili, na la kwanza likijibiwa vibaya la pili halitawafaa kitu.

Wenzako wanaopinga wamekosea, lakini usiwalaumu. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni: viti vya mistari, taa zinazimwa, pazia linafunguka. Ukumbi wa namna hiyo kwetu ni mgeni wa juzi. Ukumbi wa Taifa pale Nairobi ulifunguliwa mwaka 1952, mwaka ule ule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya. Kabla ya kumbi hizo watu wetu walikuwa na mambo yao ya kutazamwa na kushiriki, na kila jambo lilikuwa na mahali pake. Unyago una nyumba yake, jando lina pori lake. Mwaka Kogwa wa Makunduchi kule Unguja, wa kupigana kwa migomba na kuchoma kibanda cha makuti, uhamishie ukumbini uone kitabaki nini.

Hata kule pazia lilikotoka, wakubwa wa fani walitoka nje kwa hiari yao. Mwaka 1947 Jean Vilar alianza kuonyesha michezo katika ua wa kasri la mapapa pale Avignon, Ufaransa, na likazaliwa tamasha ambalo lipo mpaka leo. Mwaka 1985, katika tamasha hilo hilo, Peter Brook aliwapeleka watazamaji kwenye machimbo ya mawe nje ya mji akawaonyesha Mahabharata, utenzi mrefu wa kale wa India, kwa takribani saa 9. Walioanza kutazama jioni walimaliza jua likichomoza juu ya ukuta wa mawe. Hawa hawakukosa kumbi. Walizo nazo waliziacha.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba sanaa ni kamili. Ila nataka uangalie sababu yenu. Umesema mnakwenda korona kwa kuwa ukumbi ni ghali. Kukosa pesa si aibu, lakini sababu hiyo peke yake haitoshi, na watazamaji wataihisi hata msiposema.

Kuna kuigiza nje, na kuna kuigiza mahali. Watu wengi wa fani hii huvichanganya. Kikundi kinachozunguka na igizo la malaria, leo kiwanja cha mpira, kesho chini ya mwembe, keshokutwa kwenye gulio, kinafanya kazi njema sana. Mimi mwenyewe nimeifanya kwa miaka. Lakini igizo lile ni msafiri. Halidaiwi na uwanja wala mwembe. Igizo la mahali ni mti: ukiling'oa ukalipanda kwingine litanyauka, au litaota likiwa kitu kingine kabisa. Chukueni andiko lenu, mlisome lote kwa sauti katika uwanja wa shule. Kesho yake mlisome ndani ya korona. Kama hakuna sentensi hata moja iliyobadilika uzito, basi mmepata mandhari ya bure tu, na ni afadhali mbaki uwanjani ambako watu watakaa vizuri.

Kwa tofauti hii sina mfano mkubwa zaidi ya Kamĩrĩĩthũ, na unatoka kwa jirani zetu.

Kamĩrĩĩthũ ni kijiji cha Limuru, Kenya. Kilianza kama kijiji cha dharura, watu walipokusanywa kwa nguvu wakati wa vita vya Mau Mau. Katika miaka ya 1970 wakazi wake wengi walikuwa wakulima wadogo, vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu. Walikuwa na kituo chao cha utamaduni na kisomo cha watu wazima, na humo likazaliwa wazo la kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, maana yake "Nitaolewa Nikipenda", na Kimani Gecau akauongoza. Mazoezi hayakufanywa mlango umefungwa. Yeyote alikaa akatazama, akanyoosha mkono. Wazee walisahihisha lugha: mzee hasemi hivi, mzee husema hivi. Wafanyakazi walijaza habari za mishahara na za kiwandani kwa sababu wao ndio waliozijua. Andiko lililofika mbele ya watu lilikuwa limepita kwenye midomo ya kijiji kizima.

Na jukwaa? Walilijenga wenyewe kwenye uwanja wa kituo. Kwanza walitengeneza mfano mdogo kwa njiti za kiberiti, halafu wakasimamisha kitu kizima: jukwaa na viti vya wazi vya kuchukua watu zaidi ya 2,000, bila paa. Hapo ndipo ninapotaka utulie kidogo. Mhusika mkuu, Kĩgũũnda, ana hati ya shamba la ekari moja na nusu, ameitundika ukutani kama watu wengine wanavyotundika picha ya harusi. Anashawishiwa kuchukua mkopo wa benki, na mwisho shamba linanadiwa. Waliokuwa wakitazama walikuwa wamekaa juu ya udongo wa nchi ile ile inayozungumzwa. Wengi wao ardhi ya babu zao ilikuwa imekwenda, na siku inayofuata walikuwa wanarudi kuchuma chai kwa ujira. Hakuna pazia duniani linaloweza kumpa mtazamaji kile ambacho udongo ule ulimpa.

Mchezo ulianza tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani. Kikundi kilipojaribu tena na mchezo mwingine kikanyimwa Ukumbi wa Taifa, na mwezi Machi 1982 polisi wakaja wakaubomoa ule uwanja wa maonyesho. Nimesoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara huwa nawaza kitu kimoja. Waandishi hukamatwa sehemu nyingi, vitabu hupigwa marufuku sehemu nyingi. Hapa waliona haitoshi, wakazivunja mbao na viti. Walijua kwamba mahali penyewe palikuwa sehemu ya mchezo.

Mahali pia hubeba yaliyotokea juu yake. Safdar Hashmi wa India alikuwa akiigiza na kundi lake mbele ya wafanyakazi wa viwanda huko Jhandapur, karibu na Delhi, tarehe 1 Januari 1989, waliposhambuliwa katikati ya igizo. Alifariki kesho yake. Tarehe 4 Januari mkewe, Moloyashree, na wenzao walirudi pale pale wakaliigiza igizo lile mpaka mwisho. Maneno ya andiko hayakubadilika, lakini nani angethubutu kusema ni igizo lile la siku tatu kabla?

Sasa turudi Korogwe, kwenye korona yenu.

Korona si gofu tu. Ni mahali ambapo kila jani la mkonge lililokatwa liliishia, likasagwa, likatoka singa, yaani nyuzi. Sijui kama mmepata kufikiri kwamba jengo lile limepangwa kwa mwendo wa jani: linaingia upande mmoja kwa toroli, linapita kwenye mashine, singa zinatoka upande wa pili kwenda kuoshwa, kuanikwa juani, kupigwa brashi, kufungwa marobota. Huo ni mpangilio wa igizo tayari! Msiweke jukwaa katikati. Waacheni watazamaji waingie alikoingilia jani na watokee zilikotokea singa. Mtu afike upande wa mwisho akiwa amechujwa kitu.

Halafu kuna kipande, kadi ya kazi. Manamba walipewa kadi yenye nafasi 30, nafasi moja kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Kadi ikijaa ndipo mshahara unalipwa. Hukumaliza kazi uliyopimiwa, siku haikuandikwa, hata kama ulitoka jasho tangu alfajiri. Na jina lenyewe la manamba limetokana na namba: mtu kaletwa kutoka mbali, hajulikani kwa jina la baba yake, anajulikana kwa nambari. Basi tiketi yenu iwe kipande. Pale mlangoni kila mtazamaji apewe kadi ya karatasi ngumu yenye namba na vyumba 30, na tangu hapo asiitwe kwa jina. Mnyapara wenu, mchagueni mwenye sauti, ndiye awaongoze kutoka tukio hadi tukio, akiwaita kwa namba na kutia alama kwenye kadi. Hapo mmepata mambo mawili kwa mkupuo: watu wanajua waende wapi bila mtu kutoka nje ya igizo kuwaelekeza, na kila mmoja ameshika mkononi kitu ambacho babu yake alikishika. Mmoja wao, mnyapara amkatalie alama. Asimpe sababu. Mtazame uso wa mtu huyo, na wa waliomzunguka.

Historia mnayo ya kutosha, msiilundike yote. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutoka miche hiyo 62 ikaja nchi iliyotoa zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua, SILABU, na watu wakaletwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea, hata nje ya mipaka. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, nyuzi za plastiki zikazidi kushika soko la dunia, korona moja baada ya nyingine zikanyamaza. Kwa maoni yangu hizo 62 ni nzuri kwa kuanzia. Mtoto mmoja aingie na ndoo ya miche, aihesabu kwa sauti mpaka 62, basi. Msimtie mtu wa kuhutubia.

Kuna kikundi cha Wales, Brith Gof, ambacho mwaka 1988 kiliigiza ndani ya kiwanda cha magari kilichofungwa mjini Cardiff, wakamwaga mchanga na kujaza magari mabovu. Wao walizoea kusema kwamba mahali ni mwenyeji, na mchezo ni mzuka unaopita humo kwa muda. Nilipolisikia hilo nililipenda, kwa kuwa sisi uhusiano wa mwenyeji na mgeni tunaujua vizuri. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ninyi ni wageni wa ile korona. Wenyeji ni wale waliobaki kwenye makambi yanayoizunguka, watoto na wajukuu wa manamba ambao hawakurudi kwao. Kwa hiyo kabla ya zoezi la kwanza, shikeni jembe kweli: nendeni mkafyeke nyasi, mfagie, mzibe mashimo, mkiwa na watu wa pale. Mkimaliza mtakuwa mmepewa visa ambavyo hakuna mahojiano yangewapa.

Nakumbuka tuliwahi kuandaa igizo kwenye stesheni ya reli ambayo treni za abiria zilikuwa zimeacha kupita. Kijana wetu alikuwa anaigiza kuruhusu treni, anapunga bendera ya kijani juu ya kichwa kama mtu anayeshangilia mpira. Mzee mmoja mstaafu alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji anatutazama tangu asubuhi. Akainuka, akaichukua ile bendera bila kusema neno, akaikunjua polepole, akaunyoosha mkono sawa na bega, akabaki hivyo. Hakupunga. Akamtazama dereva ambaye hayupo, kichwa kikageuka taratibu kulifuata behewa la mwisho, ndipo akaushusha mkono. Sote tulinyamaza. Tulibadilisha tukio zima siku ile, na mzee akaingia katika igizo, kila jioni, kwa dakika ile moja. Mtafuteni mzee wenu wa korona. Au bibi: kwenye kuanika singa na kwenye brashi wanawake walikuwepo, na habari zao huwa haziulizwi. Ila mtu akikupa kisa cha maisha yake, muulize kama anakubali kisemwe hadharani, na umwite aone mazoezi kabla ya wengine wote. Walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Muhando Mlama akiwa mmoja wao, walifanya kazi ya namna hii katika kijiji cha Malya, Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, suala likiwa mimba za wasichana wa shule. Walikwenda wakaishi na watu, wakauliza kwanza, igizo likafuata. Njia hiyo bado sijaona inayoishinda.

Kosa langu kubwa nililifanya sokoni. Tulikuwa na igizo kwenye soko la samaki katika mji mmoja wa pwani, tukafanya mazoezi wiki 3, kila siku saa 4 asubuhi, soko likiwa tulivu. Siku ya onyesho tukaweka saa 11 jioni ili watu wawe wametoka kazini. Mashua zikaingia. Wanadi wakapanda juu ya meza zao, barafu inavunjwa kwa nyundo, kina mama wanagombea mafungu ya dagaa. Hakuna aliyesikia hata sentensi moja ya waigizaji wangu, na wenye soko walikuwa na haki: sisi ndio tuliwaingilia saa yao ya riziki. Tangu siku hiyo sifanyi zoezi mahali isipokuwa kwa saa ile ile ya onyesho, na kabla ya yote naenda peke yangu, nakaa mwanzo hadi mwisho wa saa hizo, nasikiliza. Korona yenu mtaijua hivyo hivyo. Adhana inafika? Bodaboda hupita njia ile? Popo hutoka saa ngapi? Jua la saa 11 linaingia kwa dirisha gani? Ukilijua hilo dirisha hauhitaji taa: mpange mwigizaji wako asimame penye mwanga.

Sauti itawasumbua. Kuta za saruji bila dari hurudisha kila neno mara mbili. Piga kofi moja katikati ya jengo uhesabu mwangwi unakaa muda gani, halafu ongeeni kwa sentensi fupi na muache nafasi kati yake. Nyimbo za kazi zitasikika vizuri kuliko mazungumzo, kwa hiyo yale mazito yawekeni kwenye wimbo. Mvua ikipiga juu ya bati hakuna sauti ya mwanadamu inayoshinda, basi epukeni masika na vuli.

Usalama sitaki mzaha nao. Kabla ya kufagia, fundi wa ujenzi anayeaminika apite kila kona. Majengo mengi ya zamani yameezekwa kwa mabati ya asbesto. Kama yamevunjika, vumbi lake ni sumu ya mapafu, msifagie wala msiingie. Fanyeni igizo lote nje, kwenye uwanja wa kuanikia, jengo likiwa nyuma yenu. Mashimo ya mitambo yafunikwe kwa mbao nzito na yawekewe mtu. Watazamaji wasizidi 60 kwa mara moja. Ni afadhali mrudie onyesho siku 4 kuliko kurundika watu 240 siku moja. Mnapotembeza watu, wazee wawekewe mabenchi kila kituo. Mwaka 2011, wakati wa Pasaka, mji wa chuma wa Port Talbot kule Wales ulifanya igizo la Mateso ya Yesu kwa siku 3, mwigizaji Michael Sheen akiongoza pamoja na zaidi ya wenyeji 1,000, kuanzia ufukweni mpaka msalaba uliosimamishwa kwenye mzunguko wa barabara. Mji mzima ulitembea. Ninyi hamna mji mzima wa kusaidia kuangalia watu, kwa hiyo anzeni kidogo.

Na ruhusa. Hata gofu lina mwenyewe. Ulizeni ofisi ya kijiji au mtaa shamba lile liko mikononi mwa nani, mpate barua yenye saini, si ruhusa ya mdomo ya mlinzi. Nendeni kwa afisa utamaduni wa wilaya mapema, mkiwa na andiko mkononi, na kama kikundi hakijasajiliwa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, huo ndio wakati wake. Polisi wapewe taarifa ya mkusanyiko. Yote haya yanachosha, najua, lakini barua moja inaweza kuokoa onyesho zima.

Bei ya kipande iwe ndogo, na watu wa makambini wasilipe. Mwisho wa igizo, pale zilikotokea singa, mwekeni mhasibu kwenye meza yenye daftari kubwa. Awaite watazamaji kwa namba, mmoja mmoja, azitazame kadi zao, kisha aulize, "Jina lako nani?" Aliandike jina lote, na la baba, na la babu kama mtu analikumbuka. Lile daftari liacheni kijijini.

Mkishapata tarehe niandikie. Nauli ya kuja Korogwe nitajitafutia.